Carapils, maltodekstrini, shayiri bapa na wenzao: kipi kinashika povu, kipi kinaongeza uzito

Bia inayopita mdomoni kama maji, na bia ambayo povu lake linakufa kabla hujaweka chupa mezani, ni maradhi mawili. Maduka ya vifaa vya kupikia bia nyumbani huyauzia dawa moja. Mfuko huu umeandikwa "huongeza uzito na povu", wa jirani yake vivyo hivyo, na mnunuzi anabaki kulinganisha bei. Lakini kinachojaza mdomo na kinachoshika povu havitoki sehemu moja ya nafaka. Kiungo chenye nguvu upande mmoja mara nyingi hakina msaada upande wa pili, na kipo kinachodhuru kabisa.

Tathmini hii inahusu viungo vinavyopatikana kwa urahisi, kwa kipimo cha lita 20 za bia inayoanzia 1.050 kwenye haidromita (kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari iliyoyeyuka), yaani kilo 4.5 hivi za nafaka.

Povu hushikwa na protini za ukubwa wa kati zinazotoka kwenye nafaka. Hizo huungana na asidi chungu za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kwenye ngozi ya kila kiputo na kuizuia isipasuke. Ndiyo maana bia isiyo na hopsi za kutosha huwa na povu linalopotea haraka hata ukiijaza ngano. Uzito mdomoni una mambo mengi zaidi: dekstrini, yaani vipande vya wanga ambavyo chachu ya kawaida haiwezi kuvila, beta-glukani, ile gundi ya kuta za seli za shayiri na oti, protini zile zile za povu, na wingi wa gesi. Dekstrini peke yake haijengi povu. Kikubwa inachofanya ni kuufanya uowevu uwe mzito kidogo, ukachelewa kuchuruzika kutoka kati ya viputo.

Tuanze na Carapils, kimea cha shayiri kinachonunuliwa kwa ajili ya dekstrini zake, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kuliko inavyostahili. Nchini Marekani jina hilo ni alama ya biashara ya Briess, kampuni ya Chilton, Wisconsin. Weyermann wa Bamberg, Ujerumani, huuza kimea chao cha aina hiyo kwa jina la Carapils barani Ulaya na Carafoam huko Marekani. Watu huvichukulia kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Chukua punje kumi, zikate katikati kwa kisu chenye makali. Punje ya kioo, iliyo ngumu na yenye kung'aa ndani, wanga wake umeshageuzwa kiwandani na unaweza kuiloweka tu kwenye maji moto. Punje yenye unga mweupe ndani bado ina wanga mbichi. Hiyo ni lazima iingie kwenye maji moto pamoja na kimea cha msingi, kile kinachojaza sehemu kubwa ya nafaka, ili vimeng'enya vyake viugeuze. Ukiiloweka peke yake utahamishia wanga kwenye bia, na bia itakuwa na ukungu usioondoka. Za Briess nyingi ni za kioo. Za Weyermann mara nyingi utakuta zenye unga.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 5, yaani gramu 225, na asilimia 10 ndiyo mwisho wa maana. Anayetumia shira ya kimea badala ya nafaka aloweke gramu 225 zilizosagwa katika lita 2 za maji ya nyuzi 68 kwa dakika 30, azisuuze kwa maji kidogo, na azitoe kabla ya kuchemsha. Zikibaki maji yakapita nyuzi 77, maganda yataachia ukakasi.

Inafanya kazi? Kidogo. Sifa yake ya kweli ni kwamba haibadilishi rangi wala ladha, kwa hiyo inafaa kwenye lager nyeupe ambayo hutaki mtu ajue umeongeza kitu. Kwa anayepika kwa nafaka tupu faida inapungua zaidi, kwa sababu vimeng'enya vya kimea cha msingi havibagui: dekstrini za Carapils navyo huzikata. Ukishikilia uji wa kimea kwenye nyuzi 63 kwa dakika 90, sehemu ya ulichonunua itakuwa imegeuka sukari na chachu itaila. Anayetaka dekstrini anazo tayari ndani ya kimea chake cha kawaida, bure, akipandisha joto hadi nyuzi 68. Kwa huyo, Carapils ni pesa inayoweza kukaa mfukoni.

Maltodekstrini haina maneno mengi. Ni unga mweupe, hauna harufu, utamu wake ni wa kubahatisha, na chachu ya bia haiugusi isipokuwa sehemu ndogo sana. Gramu 200 katika lita 20 hupandisha usomaji wa haidromita kwa pointi 4 hivi mwanzo, na karibu zote zinabaki mwisho: bia ambayo ingeishia 1.012 itaishia 1.016 au chini yake kidogo. Usidhani uchachu umekwama. Ukivuka gramu 350, midomo inaanza kunata na bia inakuwa na unene usio na ladha nyuma yake.

Weka dakika 10 za mwisho za kuchemsha. Zima moto kwanza, nyunyiza huku ukikoroga, kisha washa tena; ukiumimina wote juu ya maji yanayotokota utashikana mabonge, yazame chini na kuungua. Kama bia imeshachachuka na ndipo ukagundua ni nyepesi, chemsha gramu 200 katika mililita 400 za maji, poza, changanya wakati wa kujaza chupa pamoja na sukari ya gesi. Hakuna kiungo kingine kwenye orodha hii kinachoweza kuokoa bia iliyokwisha kwa usafi namna hiyo, ukiacha laktosi.

Kabla ya hapo, ijaribu kwenye glasi. Yeyusha gramu 10 katika maji ya moto hadi upate mililita 50, kisha tia mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye mililita 200 za bia. Hizo ni gramu 2, sawa na gramu 200 kwa lita 20. Linganisha na glasi nyingine uliyotia maji matupu mililita 10, maana maji yenyewe yanapunguza ladha na yatakudanganya.

Unga huu huu unauzwa kwenye maduka ya wanyanyua vyuma, mara nyingi kwa bei nafuu kwa kilo kuliko pakiti ndogo za duka la bia. Soma kibandiko: usiwe na ladha ya matunda, vitamini wala vitamu. Angalia pia namba ya DE, kipimo cha jinsi wanga ulivyokatwa kuwa sukari, kama imeandikwa. Kadiri inavyokaribia 20, ndivyo sukari fupi zinavyokuwa nyingi na chachu inapata cha kula. Yenye DE 10 ndiyo inayoacha uzito zaidi. Kwa povu, usitegemee chochote.

Kimea cha ngano ndicho ambacho tungekinunua kabla ya vingine vyote kama tatizo ni povu. Kina protini nyingi za aina inayotakiwa, kina vimeng'enya vyake chenyewe, na bei yake iko karibu na ya kimea cha msingi. Gramu 225 hadi 450, yaani asilimia 5 hadi 10, zinaonekana wazi kwenye glasi: povu linakuwa jeupe, viputo vidogo, na linaacha pete ukutani kila unapopiga funda. Ladha haibadiliki sana kwa kiasi hicho. Tofauti kubwa utaiona kwenye ukungu kidogo, nao unaisha bia ikikaa baridi wiki kadhaa.

Matatizo yake ni ya kinu na chujio. Punje za ngano ni ndogo na ngumu kuliko za shayiri. Kinu kilichowekwa nafasi ya shayiri kitazipitisha nzima nzima, nawe utalaumu kimea. Zisage peke yake kwa nafasi finyu zaidi. Pia hazina maganda, na maganda ndiyo yanayotengeneza chujio. Asilimia 10 haina shida. Kuanzia asilimia 40 ongeza makapi ya mpunga, gramu 150 hadi 200, uliyoyaosha kwa maji ya moto kwanza kutoa vumbi. Mpikaji wa shira ana njia fupi: abadilishe gramu 500 za shira ya kawaida kwa shira ya kimea cha ngano, ambayo kwa kawaida huwa ni mchanganyiko wa ngano na shayiri. Waingereza, kwa bia zao za bitter, hupenda ngano iliyovimbishwa kwa joto bila kuoteshwa, kwa asilimia hizo hizo. Inashika povu vizuri lakini haina vimeng'enya, kwa hiyo haifai kulowekwa tu.

Shayiri bapa ni jambo jingine. Ni shayiri isiyooteshwa, iliyopikwa kwa mvuke na kubanwa kati ya magurudumu mpaka ikawa vipande vyembamba vya rangi ya majani makavu. Hapa ndipo penye kiungo kimoja kinachofanya kazi zote mbili kwa nguvu, povu na uzito, na pia ndipo penye usumbufu mkubwa kuliko wote. Kwa kuwa haijaoteshwa, protini zake hazijakatwakatwa na beta-glukani yake iko pale pale. Mapishi ya stout kavu ya Kiayalandi, ile bia nyeusi, yanayojulikana kwa wapikaji wa nyumbani huenda asilimia 70 kimea cheupe, 20 shayiri bapa, 10 shayiri iliyokaangwa. Kwa kilo 4.5 hiyo ni kilo 3.15, gramu 900 na gramu 450. Bia ya namna hiyo inaweza kushuka hadi 1.010 na bado ikajaza mdomo, jambo ambalo maltodekstrini hailiwezi bila kuacha ule unene wa kunata.

Haihitaji kusagwa. Mimina kama ilivyo, lakini itawanye kwenye kimea kikavu kabla ya maji, isije ikashikana. Isipite asilimia 10 kwenye bia nyeupe; juu ya hapo ladha ya nafaka mbichi inajitokeza na ukungu hauondoki. Katika stout, rangi na uchungu wa shayiri iliyokaangwa vinaficha yote mawili.

Kinachoharibika ni kuchuja. Ile beta-glukani inayofanya bia iwe laini ndiyo inayofanya uji wa kimea uwe na utelezi, na bomba linaanza kutoa tone tone. Ikiwa nafaka bapa zimezidi asilimia 20, anza na maji ya kufikisha mchanganyiko nyuzi 40 hadi 45, ukae dakika 15 hadi 20; kimeng'enya kinachokata gundi hiyo kinafanya kazi hapo na kinakufa upesi joto likipanda. Kisha pandisha moja kwa moja hadi 66. Usisimame kati ya 50 na 55. Vitabu vya zamani viliagiza kupumzika hapo kwa sababu kimea cha zamani kilikuwa hakijaoteshwa vya kutosha. Kimea cha leo kinatoka kiwandani kazi hiyo imekwisha kufanyika, na dakika 30 kwenye nyuzi 52 zinakata protini zile zile ulizozinunulia shayiri bapa. Maji ya kusuuzia yawe nyuzi 75 hivi. Ya uvuguvugu yanaufanya utelezi uwe mbaya zaidi.

Kuna wanaoiloweka kwenye mfuko wa kitambaa kama Carapils. Hapana. Haina kimeng'enya hata kimoja, na kinachotoka ni maji ya wanga. Anayepika kwa shira achanganye gramu 450 za shayiri bapa na gramu 500 za kimea cheupe kilichosagwa, katika lita 3 za maji, ashikilie nyuzi 66 au 67 kwa saa nzima, halafu achuje na kuendelea na shira yake. Kuhakikisha, dondosha kijiko cha maji hayo kwenye sahani nyeupe, tia tone la iodini ya duka la dawa: ikigeuka bluu-nyeusi wanga bado upo, ikibaki kahawia-njano, umemaliza. Usirudishe sampuli hiyo sufuriani.

Oti huja na sifa ya ulaini, na ni ya kweli. Asilimia 8 hadi 10 kwenye stout, na hadi 20 kwenye zile IPA (bia zenye hopsi nyingi) zenye ukungu za New England, hutoa mteremko ambao shayiri haiutoi. Tatizo ni kwamba oti ina mafuta mengi kuliko nafaka nyingine zote zilizotajwa hapa, na mafuta ni adui wa povu. Kwa asilimia 10 protini zake zinafidia. Ukizidisha, povu linaanza kupungua, na ndipo mpikaji anaongeza oti nyingine akidhani hazikutosha. Ukitaka oti nyingi na povu zuri kwa pamoja, ziandamane na kimea cha ngano kwa uzito sawa.

Si lazima kununua za duka la bia. Oti bapa za uji za supamaketi, zisizo na chumvi, sukari wala maziwa ya unga, ni kitu kile kile, na zile za kuiva haraka ndizo rahisi zaidi kwa kuwa zimepikwa na ni nyembamba. Zilizokatwa vipande vigumu lazima uzichemshe kama uji kwanza. Kwa mpikaji wa Nairobi au Arusha ambaye shayiri bapa kwake ni ya kuagiza ng'ambo, oti na ngano ndizo njia ya kwanza. Kimea cha ulezi kinachouzwa sokoni kwa ajili ya mbege au busaa kinaweza kuingia pia, kisizidi asilimia 10: wanga wa ulezi unalainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, kwa hiyo upikwe uji kwanza, na kwa kuwa kuchemsha kunaua vimeng'enya vyake, kimea cha shayiri ndicho kitakachofanya kazi. Usitegemee kikuletee povu. Uzito wa mbege na busaa zenyewe unatokana na wanga na chembe za nafaka zinazobaki ndani, si na kitu kinachoweza kuhamia kwenye bia iliyochujwa.

Laktosi, sukari ya maziwa, tuipitie haraka. Gramu 300 hadi 450, dakika 10 za mwisho za kuchemsha. Chachu ya bia haili. Gramu 400 hupandisha mwisho wa haidromita kwa pointi 7 au 8. Inaleta uzito pamoja na utamu mdogo, haileti povu, na ni kwa stout ya maziwa na jamaa zake tu. Waambie wageni wako kabla hawajanywa. Watu wazima wengi matumbo yao hayaimudu, na bia si mahali ambapo mtu anatarajia maziwa.

Unga wa povu unaouzwa kwenye vipakiti mara nyingi ni alginati ya propilini glaikoli, E405, inayotokana na mwani. Viwanda hutumia miligramu 40 hadi 80 kwa lita, kwa hiyo gramu 1 hadi 1.5 zinatosha lita 20. Inafanya kazi, hasa pale penye mafuta kidogo kwenye bia. Lakini povu lake lina sura ya kushikana shikana, na halina uhusiano wowote na bia iliyo chini yake. Kipakiti kisichoandika kilichomo kiache dukani.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivi kwa ajili ya povu, kagua mambo matatu yasiyouzwa kwenye mfuko. La kwanza ni gesi: lita 20 zilizochachuka kwenye nyuzi 20 zinahitaji gramu 120 hadi 140 za sukari ya mezani kwenye chupa, na vizibo visivyovuja. Bia isiyo na gesi haina povu. La pili ni kutotoa povu mapema. Protini ikishatumika kujenga kiputo na kukauka ukutani mwa ndoo, haifanyi kazi hiyo mara ya pili. Hamisha bia kwa mpira unaofika chini, bila kurusha rusha. Chachu iliyoteswa kwa joto kali au kuachwa muda mrefu juu ya mashapo nayo huvujisha kimeng'enya kinachokula protini za povu.

La tatu ni glasi. Ioshe, isuuze sana, ilowanishe kwa maji safi na kuimwaga. Maji yakitandaa sawasawa ukutani, ni safi. Yakijigawa matone na mikondo, kuna mafuta. Ukimimina bia na viputo vikang'ang'ania ukutani chini ya mstari wa povu, hapo pana uchafu. Kitambaa kilichofuta sahani za nyama choma kisiiguse. Na mnywaji mwenye mafuta au rangi ya mdomo ataua povu la bia yoyote kwa funda mbili, hilo halina kiungo cha kulitibu.

Kupima, fanya wanavyofanya maabara kwa kifaa cha NIBEM, ambacho huhesabu sekunde za povu kushuka milimita 30: mimina chupa mbili, yenye kiungo na isiyonacho, kwenye glasi mbili za aina moja, kutoka kimo kimoja, bia zikiwa na baridi sawa, kisha tumia rula na saa ya simu.

Onyo moja kwa wanaopenda saison, bia kavu ya Kibelgiji. Chachu za kundi la diastaticus, Belle Saison ya Lallemand ikiwa mojawapo, hutoa kimeng'enya kinachokata dekstrini, kwa hiyo maltodekstrini na Carapils kwao ni chakula. Uzito hautabaki, na ukijaza chupa mapema kwa kuamini haidromita imesimama, zitaendelea kuchachuka polepole hadi kupasuka. Brettanomyces, chachu ya mwitu, nayo ni hivyo hivyo. Kwa bia hizo tumia ngano au shayiri bapa, na usome haidromita mara mbili kwa tofauti ya wiki moja kabla ya kujaza. Mipira na ndoo zilizopitisha chachu hizo zitengwe. Masalio madogo tu yanatosha kuingia kwenye stout inayofuata, ile uliyoijaza maltodekstrini.

Kuhusu kuhifadhi: maltodekstrini hufyonza unyevu, na Dar es Salaam au Mombasa mfuko uliofunguliwa unageuka jiwe kwa muda mfupi, kwa hiyo uhamishie kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana. Shayiri bapa na kimea kilichosagwa vitumike ndani ya wiki chache. Oti ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa yale mafuta yake: nusa kabla ya kumimina, na zikinuka rangi ya kupaka au mafuta ya kukaangia yaliyokaa, wape kuku.